Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Aliyehitimu na Aliyesoma

Ndugu wanachama wa chama cha waliohitimu shule yetu ya wasichana ya masista, dada zangu na wadogo zangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa desturi taarifa ya mwenyekiti huanza na shukrani, ikaingia kwenye orodha ya vikao, na ikamalizikia kwenye kuomba michango. Mwaka huu, Julai 2024 hadi Juni 2025, vikao vilifanyika, na akidi ilitimia vyote isipokuwa kile cha Novemba kilichoangukia siku ya mvua. Habari za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, ambaye ameniomba kwa adabu nisimmalizie maneno. Kwa hiyo hayo nitayapitia mbio mbio, ili nipate nafasi ya kukaa kwenye jambo moja. Kuna neno moja katika katiba yetu, ibara ya uanachama, ambalo naomba mkutano huu uliondoe. Nitafika huko.

Kwanza waliotutangulia. Tumezika wenzetu watatu. Misa zao tulihudhuria, rambirambi zilifika, na kwa mmoja wao tulichelewa kufika kaburini kwa sababu basi tulilokodi lilikuwa bovu kabla hata halijatoka stendi. Familia yake ilitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Kisha Jumatatu ya Pasaka tukasikia kifo cha Baba Mtakatifu Fransisko. Wengi wenu mliandika kwenye kundi la WhatsApp kumkumbuka, na mmoja akatukumbusha ule Mwaka wa Huruma aliotangaza, ulioanza Desemba 2015 hadi Novemba 2016, pale shule ilipochora ukutani mwa bwalo matendo ya huruma yote kumi na manne, saba ya kimwili na saba ya kiroho. Nilipita bwaloni Machi nikaangalia. Rangi bado ipo. Ila tendo la nne la kimwili, la kuwapokea wasio na makao, limezibwa na kabati la vyombo. Sisemi kitu. Nimemwomba mkuu wa shule kabati lisogezwe, naye amecheka na kukubali.

Sasa mradi wa dada mlezi. Mnajua ilivyo kwa wasichana wetu: mtihani wa kidato cha nne wanaumaliza Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni miezi ya kukaa nyumbani, na nyumba nyingine si salama. Tumekuwa tukiwapeleka kwa wenzetu makazini wakajifunze kazi. Mwaka huu walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikwenda ofisi ya uhasibu, wakarudi wakilalamika kwamba walipewa kazi ya kutoa fotokopi tu. Nimeongea na mhusika, na anajijua.

Lakini nataka niwasimulie habari ya mmoja aliyepelekwa zahanati, kwa mwenzetu ambaye ni muuguzi mfawidhi. Binti alifika saa moja asubuhi, kavaa viatu vipya, daftari mkononi, akitegemea kupelekwa ofisini. Mwenzetu akamnyang'anya simu, akamwambia, "Kaa pale benchini na akina mama wa kliniki. Usimwambie mtu wewe ni nani. Saa sita nitakuja kukuchukua." Basi. Saa tano nzima kwenye benchi la mbao, katikati ya watoto wanaolia.

Daftari lake ninalo hapa, amenipa ruhusa. Ukurasa wa kwanza kaandika hivi: "Mama mwenye kitenge cha njano amempeleka mtoto chooni. Kurudi, nafasi yake imechukuliwa. Hakugomba. Amekwenda mwisho." Chini yake, kwa mwandiko uleule lakini kalamu imekandamizwa zaidi: "Amefika kabla yangu na bado hajaonwa."

Wiki ya pili binti akaomba maboksi matupu ya dawa. Akayakata vipande, akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, moja hadi arobaini, na kila mama akifika anapewa chake. Ukienda chooni, ukienda kununua uji, namba yako unayo. Mradi mzima umegharimu kalamu moja. Taarifa ya mwisho niliyopata ni kwamba namba 31 haipo tena, mtoto ameitafuna.

Nimehudhuria semina nyingi za uongozi wa wanawake, nyingine hotelini kabisa, zenye chai ya saa nne na posho. Hakuna iliyonikalisha benchini. Ningependa kila mwenzetu anayepokea binti mwaka ujao aanzie hapo: kama ni benki, akae kwenye foleni, kama ni mahakama, akae na wanaosubiri kesi zao ziitwe. Kuna mambo mwenye kuingilia mlango wa ofisi hayaoni, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Na asije mtu akadhani huyo muuguzi ni mpole wa kupindukia. Mwaka huohuo alimwandikia mfanyakazi mmoja barua ya onyo kali kwa kuwauzia wajawazito glovu zilizoletwa zitolewe bure. Watu wakamjia: dada, muonee huruma, ana watoto. Akawajibu kwamba huruma ameshaitoa, kwa yule mama aliyeuza kuku wake anunue glovu. Nimelitaja hili kwa sababu katika chama chetu neno huruma limeanza kutumika kufunika mambo. Aliyekula nauli za mahafali tumeambiwa tumwonee huruma. Hapana. Nauli zile zilikuwa za mabinti.

Nije kwenye suala la sanamu, maana najua wengine mmekuja na maswali.

Februari kamati ilipitisha mpango wa kujenga sanamu ya Bikira Maria getini, pamoja na kibao cha marumaru chenye majina ya wachangiaji. Nilikuwa wa kwanza kutia saini na wa kwanza kuchangia. Kikao kilichofuata, mjumbe wetu mdogo kuliko wote, aliyemaliza 2019, akanyoosha kidole akauliza, "Jina la mama wa jikoni nalo litaandikwa?" Tukanyamaza. Mmoja akasema mama wa jikoni hajachangia. Binti akasema, "Amechangia. Nyie tu hamkuwepo."

Hapo ndipo wawili kati ya wajumbe walipofungua vinywa kwa mara ya kwanza, na ndipo mimi, mwenyekiti wenu, nilipojifunza jambo lililokuwa likitokea mbele ya macho yangu miaka sita. Mnakumbuka Jumapili za wageni. Sisi ambao wazazi wetu walikuwa karibu tulikaa chini ya miti na pilau kwenye hotipoti. Wenzetu wa Kigoma, wa Newala, wa Mpanda, hakuna mgeni aliyewajia. Saa nne hivi mama wa jikoni aliingia bwenini na uso wa chuma: "Wewe, wewe na wewe. Jikoni. Kuna mchele wa kuchambua." Tukawaonea huruma, tukijua wamepewa adhabu. Kumbe mchele wenyewe ulikuwa sinia moja, dakika kumi umekwisha. Kilichobaki ni chai ya maziwa, ukoko uliokolea mafuta, na mtu wa kuwauliza habari za nyumbani kwao hadi wageni waondoke. Akawapa na sababu ya kutokuwepo chini ya miti, ili asiwepo wa kuwauliza mbona hujapata mgeni.

Nawaambia kweli, mimi ningefanya jambo hilo ningelitangaza paredi.

Tulikwenda kumwona, watu wanne. Amestaafu, magoti yanamsumbua, na paa lake lilikuwa linavuja pahala patatu. Mvua ikanyesha tukiwa ndani. Alikuwa ameweka mabeseni matatu, na huku anatumegea mihogo alikuwa akimwambia mjukuu, "La kona limejaa," bila kugeuka. Alilijua kwa mlio.

Tukawapigia wachangiaji wa sanamu mmoja mmoja kuwaomba sehemu ya fedha iende kwenye bati na mbao. Wengi walikubali. Wanne walikataa, wakarudishiwa fedha zao zote, na naomba wasisemwe vibaya: walichangia sanamu, na fedha ya mtu haihamishwi mfukoni kwa sababu mwenyekiti kaguswa. Sanamu itajengwa, ila itachelewa. Paa limekwisha. Mama wa jikoni amewasalimu, na ameuliza kama yule "mrefu aliyekuwa analia sana" aliolewa. Mhusika ajitokeze.

Ni hilo paa lililonifikisha kwenye jambo la katiba. Hapa naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunyoosha vidole.

Septemba 1995 nilikuwa kidato cha tano na kiranja wa bweni. Walionijua wanajua nilikuwa kiranja wa namna gani. Shuka zilinyooshwa kwa rula. Mwezi ule ulikuwa wa furaha. Beijing kulikuwa na Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, Mtanzania, mzaliwa wa Ukerewe. Matroni alituruhusu kusikiliza Radio Tanzania chumbani kwake, tumebanana mpaka kwenye kizingiti. Sista wa historia alitueleza kwamba Mama Mongella alisoma kwa masista wa Maryknoll, Marian College ya Morogoro, ambayo baadaye ilichukuliwa na serikali na sasa inaitwa Kilakala. Kwetu hiyo ilitosha. Mtoto wa masista, kama sisi! Picha yake ikakatwa gazetini ikabandikwa ubao wa matangazo, na kwa wiki nzima kila aliyesimama mbele ya darasa aliiga sauti yake.

Wiki zilezile, msichana wa kidato cha tatu aliyelala kitanda cha chini cha dabodeka yangu alianza kuamka alfajiri kwenda bombani. Alikuwa akifungua maji kwa nguvu ili yazibe sauti ya kutapika. Mimi nilisikia. Nikasubiri siku tatu, kisha nikaenda kwa matroni nikamweleza. Hakuna aliyenituma. Na kwa kuwa leo nasema yote, nitasema pia nilivyojisikia nikitoka chumba kile: nilijisikia mtu mzima.

Alipelekwa kupimwa. Baba yake akaitwa. Aliondoka Jumatano jioni wakati wa prepu, sisi wote tukiwa madarasani, isipokuwa mimi niliyeitwa kama kiranja kukagua vifaa vyake kabla hajatoka. Nilikuwa na orodha: godoro, ndoo, tranka, jembe, fyekeo, sahani, kikombe, kijiko. Nikaviita kimoja kimoja, naye akionyesha. Alikuwa amevaa sweta, na haikuwa baridi. Nilipofika kwenye sahani hakikuonekana kitu. Nikamwambia, "Sahani haipo." Akasema, "Naitafuta, dada." Akainama chini ya kitanda, akapekua tranka aliyokwisha kuifunga, baba yake amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mwisho nikaandika "sahani moja, imepotea", nikatia saini.

Desemba nilipewa zawadi ya kiranja bora. Ilikuwa kamusi. Bado ninayo.

Jambo ambalo hatukulisikia kwenye ile redio, kwa kuwa zilikuwa zikisomwa hotuba, ni kwamba waraka uliopitishwa Beijing mwezi uleule, chini ya yuleyule mama tuliyembandika ukutani, uliyataka mataifa yaondoe vikwazo vinavyowazuia wasichana wajawazito na mama vijana kuendelea na shule. Kwetu Tanzania Bara tangazo kwamba aliyeacha masomo kwa ujauzito anaweza kurudi shule ya kawaida baada ya kujifungua lilitolewa Novemba 2021. Miaka ishirini na sita. Sisi tulikuwa tumeshachomoa pini za ile picha zamani.

Tusimalizie lawama kwa serikali wala kwa masista. Wakati ule ndivyo shule zote zilivyofanya, na kanuni zilisema hivyo. Lakini kanuni haikuniambia nisubiri siku tatu kisha niende kusema. Haikuniambia nihesabu sahani.

Aprili mwaka huu nilikwenda kununua bati za mama wa jikoni. Fundi alinielekeza duka la vifaa vya ujenzi lenye bei nafuu. Nikaagiza, nikatoa fedha, mwenye duka akaanza kuandika risiti, akasimama kuandika. Akaniita kwa jina langu la shule. Mimi sikumtambua. Alinitambua yeye.

Duka ni lake. Ana vijana sita, na gari la kusambaza mzigo. Tulikaa nyuma kwenye mifuko ya saruji. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ya kumwomba msamaha kwa karibu miaka thelathini, na ilipofika saa yake ikatoka vipande vipande. Alinisikiliza, akasema, "Dada, ulikuwa unafanya kazi yako." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Kisha akacheka: "Ile sahani ilikuwa ndani ya ndoo."

Tukiwa tumekaa, mmoja wa vijana wake akaja amenywea. Alikuwa ametoka kupeleka mzigo, na hesabu ya misumari haikulingana, kilo kadhaa hazionekani. Alianza kujieleza kwa haraka, jasho linamtoka. Mwenye duka akamtazama, akamuuliza, "Umekula?" Kijana akatikisa kichwa. "Nenda kale. Ukirudi tutahesabu pamoja." Na waliporudi kuhesabu, nilikuwepo, walihesabu kweli, mfuko kwa mfuko, na upungufu ukaandikwa daftarini kwa jina la kijana.

Nilikuwa na fomu za uanachama kwenye mkoba. Nikampa moja. Aliisoma taratibu kama asomavyo mtu mwenye biashara, mpaka ibara ya nne inayosema mwanachama ni "msichana aliyehitimu kidato cha nne au cha sita katika shule hii". Akaikunja kwa mikunjo ileile, akanirudishia. "Hii hainihusu," akasema, akaniuliza kama bati nazichukua leo.

Ndiyo hoja yangu. Neno "aliyehitimu" litoke, liingie "aliyesoma". Herufi chache tu. Kamati imeijadili mara mbili na haikukubaliana, na ni haki yenu kuyajua waliyosema wenye kupinga.

Wapo waliosema tutaharibu jina la shule. Nimelifikiria hili sana kwa sababu ndilo nililojiambia mimi nikiwa na miaka kumi na minane. Jina la shule yetu halikuwekwa na sisi tuliopata vyeti peke yetu. Yule aliyelipwa mshahara mdogo kuchambua mchele na watoto wa Kigoma naye amo.

Wapo waliosema tutakuwa tunawafundisha mabinti walioko shuleni kwamba mimba si kitu. Mabinti hawa wanajua kuliko sisi ni kitu gani. Wanachokitazama kwetu ni kingine: dada zetu hawa wakubwa, siku mambo yakiniharibikia, watanijua?

Na mwenzetu mmoja aliandika kwenye kundi kwamba tukifungua mlango huu, hata waliofukuzwa kwa wizi wataingia. Ndiyo, wataingia. Mweka hazina ana kufuli.

Kuhusu shule yenyewe kuwapokea tena wasichana waliojifungua, hilo si letu kuamua. Shule ina mwenyewe, na kamati imemwandikia barua yenye heshima, tukiomba kukutana Septemba. Tumeahidi kumlipia ada binti mmoja kwa kuanzia, ikiwa atapokelewa. Naomba kabla ya mkutano huo asiwepo mtu wa kwenda kupayuka kwa niaba yetu. Masista wana mambo yao ya kuzingatia, na wamewahi kutushangaza kwa wema mara nyingi.

Maneno machache kwa mliomaliza kidato cha sita Mei. Wengi wenu mko makambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mtaisoma hii mkirudi. Matokeo mmeyapata Julai na tunawapongeza. Mtakwenda vyuo, mtakuwa viongozi, mmeambiwa hivyo tangu kidato cha kwanza hadi mmechoka. Ila uongozi wa kwanza wengi wenu mtakaoupata hautakuwa na ofisi. Mtakuwa na msichana wa kazi nyumbani. Atakuwa na umri wenu au chini yake, na kuna uwezekano mkubwa ni mtu aliyekatishwa shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi amnyonyeshe mtoto wake, na tunaijua vizuri tunapoidai kwa mabosi zetu. Kwenye kundi letu mwaka huu nimesoma malalamiko mengi kuhusu "hawa mabinti wa kazi wa siku hizi". Sijasoma hata mara moja mtu akiuliza mwenzake amempa likizo lini. Mimi nilihesabu ya kwangu. Sitawaambia jibu, ila amekwenda kwao Tukuyu wiki tatu, na mimi nimerudi kuchambua mchele.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Muda wangu wa uongozi umebaki mwaka mmoja, na sitaomba tena. Vyeti vya shukrani kwa walezi wa mabinti viko kwa katibu. Wale ambao hawajalipa ada ya mwaka wanajulikana, na hawatasomwa majina, ingawa mweka hazina angependa sana.

Hoja ya ibara ya nne iko ajenda namba sita. Inahitaji theluthi mbili ya waliohudhuria, na ikipita itapelekwa kwa Msajili wa Jumuiya kabla haijaanza kutumika. Kura ni ya siri. Mkitaka kuikataa, kataeni. Nitaisoma hesabu ya kura kama ilivyo.

Mwenzetu wa duka hayupo hapa. Nilimwambia siku na saa, akasema Jumamosi ni siku ya mzigo na hawezi kuwaachia vijana peke yao. Aliuliza tu paa limekaaje. Nikamwambia la kona halivuji tena. Akaniambia nimwambie fundi arudi kukaza misumari ya kwenye mgongo wa paa kabla ya vuli, maana hapo ndipo upepo huanzia.

Fundi anakwenda Jumanne. Karatasi za kura zinagawiwa mlangoni.